Kuku wa Chiku

Edina alifika kwangu Kasulu saa nne asubuhi, siku ya tatu baada ya mimi kupata habari kwamba Madam Mwanahawa amefariki kwao Pangani. Hakupiga hodi. Alisimama tu uani, mrefu vilevile kama zamani, mtoto mgongoni, na mkononi ameshika mtetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mume wangu, ambaye si mtu wa huku, alidhani ni mchuuzi. Akamwuliza, "Huyo unamtoa kwa bei gani?" Edina akasema, "Shemeji, huyu hauzwi. Ni wa msiba." Mimi nilikuwa jikoni, na kabla sijamwona nilijua ni nani na ameshika nini. Nilitoka nikamkumbatia, kuku akapiga kelele katikati yetu, mtoto akaamka, tukalia na kucheka kwa pamoja. Pangani ni mbali mno. Madam alizikwa siku ileile aliyofariki, na katika sisi tuliosoma au kufundisha naye hakuna aliyewahi hata kufika stendi. Basi Edina alipanda gari kutoka Buhigwe, anakouza maharage, akamleta kuku kwangu. "Ningempeleka wapi tena?" aliniuliza. "Wewe ndiye uliyekaa naye." Mume wangu alituangalia kama watu waliochanganyikiwa. Mchana huo, tukiwa mezani, alisema, "Nieleweshe, Jeni. Mtu amefia Tanga, kuku analetwa Kasulu?" Nikamwambia aniteremshie kutoka juu ya kabati lile boksi la viatu, ndani yake mna kaunta buku langu la kwaya mbili, daftari nene la kumbukumbu zangu, na nikaanza kumsomea.

Mwaka ule wa 2013 nilikuwa na miaka kumi na minane na aibu ya kutosha watu wawili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yalitoka, na sitayasema hapa, maana hata kwenye daftari niliyaandika kwa penseli. Nilifikaje kijiji cha Nyakitonto kutoka Kibondo ni habari ndefu isiyo na faida. Itoshe kusema kwamba shule ya msingi ilikuwa na uhaba wa walimu, Madam Mwanahawa alikuwa na chumba cha pili kisicho na mtu, na mimi nilikuwa sina pa kwenda. Nikapewa kazi ya kujitolea darasa la tatu, kumsaidia Madam kusomesha. Nilipoambiwa hivyo nilidhani nitafuta ubao na kugawa madaftari. Shuleni kwetu nilikuwa yule msichana anayekubali kuchapwa kuliko kusimama asome kwa sauti. Sauti yangu yote ilikuwa kwenye kaunta buku. Humo nilikuwa msemaji hodari, naandika kurasa tatu kwa siku, nabishana na walimu, nawajibu walionicheka. Nje ya daftari nilijibu "ndiyo" na "hapana", na mara nyingi kwa kichwa.

Nyumba ya Madam ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na sebule isiyomtosha mtu kunyoosha miguu. Alikuwa ametoka pwani miaka minne kabla na hakuiacha pwani hata kidogo: kanga ilikuwa pazia, mkeka wa ukindu ulikuwa kochi, na kila Alhamisi jioni alifukiza udi mpaka majirani wakauliza kama kuna mgonjwa. Baridi ya kule ilimtesa. Julai alivaa soksi ndani ya ndala. Alikuwa akilalamika kuhusu nazi kama mtu anayemlilia ndugu. "Nazi hapa mnaisikia redioni tu," aliniambia. "Nimekuja kufundisha watu wasiojua wali ni nini." Lakini maharage ya Kasulu yalimshinda nguvu. Aliyachemsha mpaka yakavunjika, akayaunga kwa mawese na kitunguu kingi. Na ugali wa muhogo, ambao mwanzoni, alisema, ulimkaba, mwaka ule alikuwa akiukata matonge makubwa kuliko yangu. Tulikula kimya kwa sababu yangu. Yeye alipenda mazungumzo, na kwa kuwa mimi sikuzungumza, alizungumza na redio. "Muongo wewe," aliiambia. "Haya, endelea, tukusikie."

Darasa la tatu lilikuwa na watoto themanini na mmoja na kitabu kimoja cha hadithi. Kilikuwa chembamba, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, na ndani yake mlikuwa na msichana aitwaye Chiku ambaye mama yake anaumwa. Chiku anatumwa gulioni kuuza kuku ili anunue dawa. Njiani kamba inakatika, kuku anakimbilia porini. Hapo Madam alifunga kitabu. Huo ndio ulikuwa ufundishaji wake, na sijaona mwalimu mwingine akiufanya hivyo mpaka leo: hadithi inasomwa mpaka pale mtu anapopata shida, kitabu kinafungwa, na linabaki swali moja. "Sasa Chiku afanyeje?" Hakuna kujibu siku hiyo. Swali linabebwa nyumbani kama kuni, na kesho yake kila mtoto analeta jibu lake, ndipo kitabu kinafunguliwa waone mhusika mwenyewe alifanya nini. Alikuwa ameniambia, "Nataka wajue kwamba mtu wa kwenye hadithi akikwama, halii tu akaishia hapo. Anajaribu kitu. Wakishaliona hilo kwake, siku moja watalitafuta kwao." Siku ile ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo swali lilikaa nyumbani siku mbili.

Jumapili jioni nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba. Ukuta wetu ulikuwa mmoja na wa Mwalimu Bosko, wa hesabu, na mwalimu mkuu alikuwa amemtembelea. Sikukusudia kusikiliza, ila mtu asiyeongea husikia vitu vingi. Walikuwa wakimzungumzia Edina. "Yule twiga wa darasa la tatu," alisema Bosko. Mwalimu mkuu akasema, "Amekariri darasa mara mbili. Ana miaka kumi na mitatu. Bibi yake amenifuata, ameniambia wazi: Mratibu wa elimu wa kata akija Novemba akamrudisha tena, basi, hana haja ya shule. Kuna mtu wa duka mjini Kasulu anatafuta dada wa kazi." Bosko akasema, "Si afadhali aende tu? Anakula bure." Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Niliingia ndani na sufuria yenye povu. Edina nilimjua. Alikaa mwisho kabisa, magoti yakigonga dawati, na alikuwa kama mimi: hasemi. Usiku huo niliandika kwenye kaunta buku: "Wanataka kumtoa. Nitamfundisha mimi." Nilikuwa hodari sana wa kuandika.

Jumatatu tulipoingia darasani kulikuwa na kuku juu ya meza ya mwalimu. Mtetea mwekundu, mzima, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, anatuangalia kwa jicho moja. Madam akasimama mlangoni. "Yarabi! Nani ameleta kuku shuleni?" Kisha kule mwisho Edina akasimama, na kusimama kwake kulichukua muda kwa ule urefu. "Mimi, Madam."

"Wa nani?"

"Wa Chiku."

Wenzake hawakucheka. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Nilitegemea kicheko kipasue bati, lakini watoto themanini walikuwa wakimtazama Madam waone kama atampokea. Madam akaweka kitabu chini polepole. "Edina, mwanangu. Chiku ni mtu wa kwenye kitabu. Hayupo."

"Ninajua, Madam."

"Sasa?"

Edina aliangalia dawati. Nilifikiri yameisha, nilimjua mtu wa aina yetu. Lakini akasema, kwa Kiswahili chake kilichotembea taratibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe: "Uliuliza afanyeje. Mimi nimeona yeye hawezi kufanya kitu. Amepotelewa. Mtu akipotelewa, kichwa kinasimama. Wanafanya wengine." Akakaa. Zabroni, mvulana mdogo mwenye meno yaliyoachana, akanyanyua mkono akasema yeye ameleta kamba, ya katani, ili safari nyingine Chiku afunge vizuri. Akaitoa mfukoni. Jenoveva alikuwa na maharage kwenye kikopo cha dawa, ya mama mgonjwa. Mwingine amekuja na nusu kipande cha sabuni, hakueleza sababu. Meza ikajaa. Madam akavuta kiti, akakaa, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Mimi nilikuwa nimeegemea dirisha, na ninavyoandika hivi vinyweleo vya mikono vimenisimama kama vilivyonisimama siku ile. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na moja, nimejibu maswali ya kila namna kuhusu wahusika na dhamira, na haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kuulizwa habari ya shida ya mhusika, akaenda bandani kwao akakamata kuku.

Ilipofika zamu ya kitabu, Madam alisoma mwisho wake. Chiku alitulia, akafikiri, akamwaga unga kidogo njiani, kuku akarudi kula, akamkamata. Watoto walisikiliza kwa adabu. Kisha Zabroni akauliza, "Peke yake?" Madam akasema ndiyo, peke yake, alitumia akili. "Hapakuwa na watu njiani?" Madam akatafuta ukurasa mzima. "Hawajaandikwa," akasema. Darasa likanung'unika. Walimwonea Chiku huruma upya, safari hii kwa jambo ambalo aliyeandika kitabu hakuliona kuwa shida.

Jioni nilitumwa kumrudisha kuku kwa bibi yake Edina. Nilimkuta amekaa nje anamenya muhogo. "Mwakeye, Bibi," nikasema kwa Kiha, ingawa ilikuwa jioni, maana nikiwa na aibu salamu zote hunitoka kichwani isipokuwa ya asubuhi. Akacheka akaniitikia vilevile. Nikamweleza kwamba Chiku ni wa kwenye hadithi. "Edina amenieleza," akasema bila kuacha kumenya. "Mwanzo nilidhani ni binti wa yule mwalimu mgeni. Halafu akaniambia ni wa kitabu. Nikamwambia, mpelekee tu." Nikanyoosha mikono na kuku. Akanitazama kana kwamba namrudishia mate. "Huyo ametoka kwa ajili ya mtu aliyepotelewa. Nikimpokea, huyo binti atakuwa amepotelewa mara mbili." Nikasimama na kuku wangu. Akaongeza, "Mwambie mwalimu amfuge. Na mwambie namsubiri huyo Mratibu. Mimi ni mzee, siwezi kulisha mtu anayekalia darasa moja kama jiwe." Hivyo kuku akarudi kwa Madam, akaitwa Chiku, akapewa pembe ya jikoni, na kuanzia siku hiyo alitufuata darasani akitafuta makombo chini ya madawati.

Sasa niseme kosa langu. Kuanzia Agosti nilibaki na Edina kila siku baada ya vipindi. Kusoma alikuwa anaweza, polepole, kidole chini ya mstari. Lililomrudisha nyuma kila mwaka lilikuwa lile swali la Mratibu baada ya kusoma: mhusika alipopata tatizo alifanya nini? Edina alijibu watu wangepaswa kumfanyia nini. Au alinyamaza. Nikaamua kumrahisishia. Nikamwandikia kwenye karatasi: "Mhusika alitumia akili." Nikamwambia, swali likija, sema hivyo. Hadithi yoyote. Akalishika jibu hilo kama sala. Nilijivunia, nikaandika kwa wino mwekundu, "Edina amejua." Madam sikumwambia. Nadhani nilijua angesema nini.

Mratibu alikuja Novemba kwa pikipiki, mvua zimeanza, suruali yake nyekundu kwa matope mpaka magotini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi moja yenye mistari tisa na fomu nyingi. Watoto waliitwa mmoja mmoja mbele, wengine wote wakiwa wamekaa, mwalimu mkuu na Bosko wamesimama ukutani na Madam karibu nao. Mimi nilikuwa dirishani pangu. Hadithi ilikuwa ya Saidi, anatumwa na baba yake kuchukua jembe kwa mjomba ng'ambo ya mto. Mto umejaa, daraja limechukuliwa. Saidi anasimama kwa muda mrefu, kisha anarudi nyumbani na kumwambia baba yake. Zamu ya Edina ikafika. Alisoma mistari yote tisa bila kuruka neno, na nikaona mwalimu mkuu akiinua nyusi. Mratibu akauliza, "Saidi alipoona mto umejaa, alifanya nini?"

"Mhusika alitumia akili."

"Akili gani?"

"Akili."

"Sawa, akili. Lakini alifanya nini?"

Nikaona midomo ya Edina ikirudia ile sentensi kimya kimya, akiitafutia mlango. Haikuwa na mlango. Nilikuwa nimemfungia humo mimi. Bosko akatikisa kichwa, Mratibu akashika kalamu, na mimi nikapatwa na hali ambayo Edina mwenyewe alikuwa ametueleza: kichwa kilisimama.

Ndipo Zabroni akanyanyuka kwenye dawati lake, akatembea mpaka mbele, akasimama kando ya Edina. Alimfikia kiunoni. Mratibu akamwangalia. "Wewe umeitwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kakae."

"Simwambii kitu. Nimesimama naye tu."

Jenoveva akaja. Kisha dawati zima la mbele, kisha la pili, bila kusukumana, bila neno, mpaka Edina akawa kama nguzo katikati ya watoto. "Huu ni mtihani, si ngoma!" mwalimu mkuu alisema, akaanza kuwafuata. Madam akamwekea mkono mbele. "Waache, Mwalimu. Kuna aliyesikia wakimpa jibu?" Hakuna aliyesikia. Walikuwa wanapumua tu. Nami nikajikuta sipo dirishani. Sikumbuki kutembea. Nakumbuka sakafu, na kuku akinipisha, na sauti iliyotoka ikiwa nene kuliko niliyodhani ninayo. Nilisema, "Edina, achana na ile karatasi yangu. Mto umejaa. Uko pale na Saidi. Sasa afanyeje?"

Akanitazama. "Arudi."

"Alirudi?"

"Alirudi. Akamwambia baba yake."

Mratibu akainamia meza. Sasa alikuwa anauliza kwa kutaka kujua, niliona usoni. "Huo si woga? Katumwa jembe, karudi mikono mitupu."

"Si woga," Edina akasema. "Alikwenda kuwaita."

"Kuwaita nani? Haijaandikwa hapa."

"Watu wa kujenga daraja. Yeye peke yake hawezi." Kisha, kwa upole, kama anayemsaidia mtu mzima, akaongeza: "Ukurasa umeisha kabla hawajafika."

Mratibu aliisoma tena karatasi yake mpaka chini. Akaandika kwenye fomu, akaisoma kwa sauti ili mwalimu mkuu asikie: "Anasoma kwa kusaidiwa." Mwalimu mkuu akauliza hiyo maana yake nini, anapanda au hapandi? Madam akadakia, "Na nani hapa aliyesoma bila kusaidiwa? Wewe, Mratibu?" Mratibu akacheka mpaka akavua miwani. "Apande," akasema. "Apande darasa la nne. Na nyinyi wote rudini mkakae, mnaniziba mwanga." Jioni ile Madam hakunigombeza kuhusu karatasi. Alipakua maharage, akaizima redio, akaniambia, "Haya, Jeni. Leo zungumza wewe." Kwenye kaunta buku ukurasa wa siku hiyo una mistari miwili tu, mifupi kuliko yote ya mwaka: "Leo nimeongea mbele ya watu. Walimu watatu, Mratibu, watoto themanini na mmoja, na kuku."

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, ugali ukiwa umepoa. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo huyu hachinjwi." Mimi na Edina tukajibu kwa pamoja, "Hachinjwi!" Edina akasema lakini wenye msiba lazima wajue, haiwezekani kitu kikatoka kwa ajili yao wasiambiwe. Nikatafuta namba ya binti yake Madam, ambaye sijawahi kuonana naye, na nikampigia Pangani. Zamani nisingeweza. Nikampa pole, nikajitambulisha, nikamwambia kuna kuku wao hapa Kasulu, ameletwa na Edina wa Nyakitonto. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mama yake kabisa, "Mama alikuwa akituambia habari za kuku kila mara. Sisi tulidhani ni hadithi tu." Nikachuchumaa uani, nikaishusha simu mpaka usawa wa yule mtetea, na Edina akamtikisa kidogo ili alie.